Pazia la rafu: ni stara au ni hila?

Muhula wa pili mwaka uliopita, idara yetu ilinituma kwenda kuwakagua wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule kadhaa za sekondari mashariki mwa nchi. Kazi hii wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaifahamu vyema, ama kwa kuwa waliwahi kukaguliwa, ama kwa kuwa kila mwaka wao huwapokea walimu wanagenzi katika shule zao. Mkaguzi huketi nyuma ya darasa, huandika na kunyamaza, na mwishowe humwita mwanagenzi kando wakazungumza. Kijana niliyemkagua siku hiyo alikuwa akifundisha ngeli. Alifundisha vizuri ajabu. Chati zake alizichora mwenyewe kwa kalamu za rangi juu ya karatasi za mifuko ya saruji, na hapana mwanafunzi aliyesinzia. Kipindi kilipomalizika aliniomba kwa adabu zote nipite kwake ninywe chai kabla ya kushika njia, maadamu palikuwa karibu na shule. Nikakubali.

Kwake kulikuwa chumba kimoja cha kupanga, katika safu ya vyumba vilivyotazamana uani. Mlikuwa na kitanda, meza, na viti viwili, kimoja cha kuazima kwa jirani. Upande wa pili, kutoka ukuta hadi ukuta, palitundikwa pazia la leso mbili zilizounganishwa kwa mshono wa mkono. Nyuma ya pazia hilo ndiko alikotoa vikombe, majani ya chai na sukari. Mlango ulikuwa wazi. Upepo wa alasiri ukaingia bila hodi, ukalipeperusha pazia likapanda juu kama tanga. Kwa muda mfupi kabisa niliona kila kitu: mbao tatu zilizolazwa juu ya matofali, sufuria mbili zilizosuguliwa zikang'aa, pakiti ya unga iliyokunjwa mdomo, imebaki robo, kopo la chumvi, na rafu nzima ya chini imejaa vitabu vya kufundishia, vimepangwa kwa kimo kama wanafunzi gwarideni. Kijana aliruka akalikamata pazia kwa mikono miwili. Akasema, "Samahani sana Daktari. Kabati bado sijapata."

Nikamwambia si neno. Tukanywa chai iliyokolea sukari, nikamsifu kwa zile chati, nikamuaga. Lakini ile "samahani" imekaa masikioni mwangu hadi leo. Kijana yule alikuwa akiomba radhi kwa kosa gani? Kwamba hana kabati? Kwamba upepo hauna adabu? Au kwamba mimi nilikuwa nimeona kilichokuwa nyuma?

Katika makala haya nakusudia kulitetea pazia la rafu, kisha nilionye. Najua wapo watakaoshangaa kwamba mtu aliyepewa nafasi gazetini ameamua kuandika juu ya vitambaa vya nyumbani ilhali nchi imejaa mambo makubwa. Nawaomba wanivumilie. Mambo makubwa mengi ya nchi hii yanaishi katika chumba kimoja, nyuma ya pazia.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Vyombo vya kuwekea vitu nyumbani vimetujia kwa njia nyingi, na majina yake yanaeleza safari hizo. Rafu na sanduku ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Kasha na meza tuliachiwa na Wareno. Almari, neno ambalo wazee wa pwani wangali wanalitumia, lilitufikia kutoka Bara Hindi, na huko nako lilikuwa limepelekwa na Wareno hao hao. Kabati ni la Waingereza. Ukilisimamisha kabati, almari na kasha katika chumba kimoja, umesimamisha karne tano za biashara na utawala wa Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, neno linalonivutia zaidi si jina la chombo. Ni kitenzi sitiri. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na katika Kiarabu mzizi huo huo ndio uliozaa neno lenye maana ya pazia. Sisi Waswahili tulipolipokea hatukulitundika dirishani. Tulilivisha mwanadamu. Tukapata kusitiri, kujisitiri, sitara na stara. Mtu mwenye stara ni mtu mwenye heshima, anayejua lipi la kuonyeshwa na lipi la kufunikwa. Nguo humsitiri mtu, nyumba huisitiri familia, na rafiki wa kweli humsitiri mwenziwe kwa kutoyapeleka sokoni aliyoyaona kwake. Kwa ufupi, kilichokuwa kitambaa kimekuwa tabia njema. Sidhani kwamba ni bahati nasibu. Jamii inayoishi watu wengi katika nafasi ndogo haina budi kukijua kitambaa hicho kwa undani.

Tutazame basi jinsi wazee wetu walivyohifadhi vitu. Katika majumba ya mawe ya Lamu yaliyojengwa katika karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilipambwa kwa ukuta wa vidaka, ambavyo Waamu huviita zidaka. Hivi ni vishubaka vilivyofinyangwa kwa lipu ya chokaa, safu juu ya safu, na humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo na vitu vingine vya thamani. Zidaka hazikuwa za kuficha. Zilikuwa za kuonyesha. Mwenye nyumba alitaka mgeni wake wa karibu aone. Kilichowekewa pazia katika majumba hayo ni watu: miisho ya ile misana mirefu ilitengwa kwa mapazia ikawa mahali pa kulala. Mji huo wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na msomaji atakayepata fursa ya kuutembelea aombe kuonyeshwa ukuta wa zidaka, ajionee rafu zilizojengwa pamoja na nyumba yenyewe.

Huko bara nako palikuwa na maarifa yake. Uchaga ulijengwa juu ya meko ili moshi uyafukuze madudu katika mahindi ya mbegu. Susu ilining'inizwa kutoka paani ili kitoweo kiepukane na paka na panya. Kichanja kilisimama uani, vyombo vikakaushwa na jua. Katika nyumba hizi hapakuwa na haja kubwa ya kuficha rafu, kwa sababu kila kitu kilikuwa na mahali pake na kila mahali palikuwa na jina. Mgeni aliishia sebuleni au barazani. Hakulala akitazamana na sufuria.

Mambo yalibadilika tulipohamia mijini. Serikali ya kikoloni iliuona mji kuwa mahali pa mwanamume kufanya kazi, kisha arudi kwao. Nyumba nyingi alizojengewa mfanyakazi Mwafrika katika mitaa ya Nairobi zilikuwa za chumba kimoja, kana kwamba mtu huyo hana mke, hana watoto, hana mgeni, wala hana sufuria. Mke akaja, watoto wakazaliwa, shemeji akatoka mashambani kutafuta kazi, na chumba kikabaki kile kile. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kaya ya Kenya ina wastani wa watu 3.9. Waweke watu hao katika chumba kimoja, kisha uniambie sebule itakuwa wapi, jiko litakuwa wapi, na binti aliyebaleghe atabadilishia nguo wapi. Jibu ni pazia. Pazia moja hutenga kitanda na viti. La pili husitiri rafu. Nyumba ya Lamu ilionyesha vitu ikasitiri watu. Nyumba ya chumba kimoja haina budi kusitiri vyote viwili kwa mita chache za kitambaa.

Nayasema haya si kwa kuyasoma tu. Nilizaliwa na kulelewa katika mtaa wa wafanyakazi wa kiwanda kimoja, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Tulikuwa watoto wanne. Mama alitundika pazia la kitambaa cha rangi ya samawati lenye maua meupe, akalipitisha kwenye waya baina ya misumari miwili. Nyuma yake palikuwa na rafu alizozigongomea baba kutokana na mbao za makreti ya kiwandani. Ya juu ilikuwa ya chakula, ya kati ya vyombo, ya chini ya nguo. Vitabu vyetu vilikaa pembeni ndani ya katoni. Tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: mtu asiye wa nyumba hii halifunui pazia hili, na aliye wa nyumba hii hasemi nje kilichomo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tulikuwa kata.

Mapema katika miaka ya 1990 kiwanda kilipunguza wafanyakazi. Baba alikuwa mmoja wao. Barua aliyopewa haikusema kwamba amefukuzwa. Ilisema kwamba amepumzishwa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikafurahi kwa kuwa nilidhani baba amepewa likizo. Baada ya miezi michache rafu ya juu ilianza kuonyesha mbao zake. Kwanza uliondoka mchele, kisha mafuta ya kupikia, kisha sukari. Jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni kwamba kadiri rafu ilivyozidi kuwa tupu, ndivyo mama alivyozidi kulifua pazia. Kila Jumamosi alilifua, akalipiga pasi ya makaa, akalivuta likanyooka bila kunjo. Majirani waliingia wakaketi, wakasifu usafi wa nyumba, wakaenda zao. Wapo miongoni mwao ambao wangetugawia unga laiti wangalijua. Hawakujua. Pazia lilikuwa limefanya kazi yake kupita kiasi.

Aliyejua ni mwalimu wangu wa darasa la sita. Nilikuwa nimeanza kukosa shule siku za Ijumaa, akaja nyumbani kuuliza. Mama alimkaribisha kwa heshima akampa turungi. Mwalimu alikunywa turungi isiyo sukari, akaitoa tumboni mwake habari ya hali ya hewa, akauliza habari za mashambani, hakuliza swali hata moja la aibu. Hakulitupia jicho pazia. Ila aliona kwamba mama hakuinuka hata mara moja kwenda nyuma yake. Nyumba ambayo mgeni ameingia na mwenyeji hakugusa rafu, mwalimu yule alijua kuisoma. Jumatatu iliyofuata alitangaza mbele ya darasa kwamba amechoka kubeba madaftari ya kusahihisha peke yake, na kwamba atanihitaji mimi nimsaidie kuyapeleka kwake kila jioni. Nikayabeba. Kila jioni nilipofika nilikuta sahani imefunikwa mezani. Kila Ijumaa nilirudi nyumbani na kifurushi "cha mama, aliniazima zamani". Mama hakuwahi kumuazima kitu. Lakini alikipokea, kwa sababu kilikuja kikiwa kimesitiriwa.

Mwaka mzima nilibeba madaftari. Nilipopata akili za kutosha ndipo nilipoelewa kwamba hayakuwa mazito kiasi cha kumshinda mtu mzima.

Sasa naomba msomaji arudi nami katika chumba cha yule mwanagenzi. Mimi, niliyefundishwa na mwalimu aliyeweza kusoma rafu bila kulifunua pazia, nilifunuliwa pazia na upepo wenyewe, nikaona robo ya unga, na bado sikusoma. Nilikunywa chai. Niliongeza kijiko cha pili cha sukari. Nilikuwa katika gari, nimekwisha kupita mji wa pili, ndipo nilipokumbuka kwamba katika rafu ile, nilipoiona, hapakuwa na sukari nyingine. Ile iliyokuwa mezani ndiyo yote. Yamkini ilinunuliwa kwa ajili ya mkaguzi. Mwanafunzi aliye katika mazoezi ya ualimu halipwi mshahara. Analipa kodi ya chumba, anajilisha, ananunua karatasi za chati, na juu ya hayo anamkirimu mtu aliyekuja kumpa alama. Nilimpa alama nzuri, alizostahili. Lakini alama hazipikwi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea desturi ambayo si mpya. Wahenga waliisema zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siendi tena kumkagua mwanafunzi mikono mitupu. Kilo mbili za unga, sukari na majani ya chai hutangulia, na hutolewa kwa jina la desturi ya wageni, si kwa jina la huruma. Siyasemi haya ili nisifiwe, maana nimeyaanza nikiwa nimechelewa. Nayasema kwa kuwa najua wakaguzi wenzangu wanasoma ukurasa huu, na najua pia wanasoma wale wanaopanga bajeti za vyuo. Mpango wa posho ndogo ya chakula na malazi kwa miezi ile mitatu utafaa kuliko unga wangu.

Nirudi kwenye utetezi wangu. Wapo vijana wanaoamini kwamba pazia la rafu ni ushamba, na kwamba nyumba ya mtu aliyestaarabika sharti iwe na kabati la vioo. Mimi nasema la hasha. Kabati hutaka mbao, gundi, msasa, bawaba na vanishi, na fundi wake hutaka kulipwa. Fauka ya hayo, mpangaji huhama. Kabati linalopita mlango wa nyumba hii huenda lisipite mlango wa ile. Pazia hukunjwa likatiwa mfukoni. Nyumba nyingine hazina hata ukuta wa kuegemeza kabati, ilhali pazia hulihitaji tu msumari huku na msumari kule.

Kwa kuwa wengi wenu mlio vyuoni na katika vyumba vya kupanga mtalitundika, acheni niseme machache niliyojifunza kwa mama na kwa makosa yangu. Kitambaa kiwe na upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa rafu, la sivyo kitakaa kimenyooka kama shuka kwenye kamba, na kila kilichomo kitachora umbo lake. Ncha ya chini iachane na sakafu kwa vidole viwili au vitatu, ili isifagie vumbi wala kunywa maji ya kupigia deki. Waya ukazwe sana, maana waya uliolegea huzaa pazia lenye tumbo. Vipande viwili vinavyokutana katikati ni bora kuliko kimoja kizima, kwa sababu mtu hufungua upande anaouhitaji tu. Chakula kitiwe katika makopo yenye vifuniko: pazia huzuia jicho, halizuii panya wala mende. Na angalau mara moja kwa juma rafu ifunguliwe wazi mchana kutwa ipigwe na hewa, hasa ikiwa imeegemea ukuta wenye unyevu, kwa maana giza na unyevu ni mama wa ukungu, na mbu nao hupenda kulala mchana katika makunjo ya kitambaa.

La mwisho ni zito. Pazia na moto havikai pamoja. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo nilipanga chumba na mwenzangu, tukaweka jiko la mafuta ya taa hatua moja kutoka kwenye rafu. Usiku mmoja ncha ya pazia iligusa ndimi za moto. Kilikuwa kitambaa cha nailoni. Kitambaa cha aina hiyo kikishika moto huyeyuka, kikadondoka matone yanayowaka na kunata kwenye ngozi. Mwenzangu alilinyakua kwa mkono akalitupa nje, akatuokoa sisi na majirani, lakini kovu la kiganja chake analo hadi leo. Pamba ni afadhali kwa kuwa hainati, ila nayo huungua upesi. Jiko, koroboi na mshumaa vikae umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye pazia lolote. Chumba kisichotoa nafasi hiyo, rafu yake na iachwe wazi. Afadhali sufuria zionekane kuliko watu wafukiwe.

Nimelitetea pazia, sasa nilionye. Zipo rafu zisizostahili kusitiriwa. Niliwahi kuingia katika ofisi ya shule moja ambayo sitaitaja. Nyuma ya meza palikuwa na pazia zuri la kijani kibichi. Nilidhani ni la dirisha. Kumbe nyuma yake palikuwa na rafu zilizojaa vitabu vya kiada vipya, vingine havijatolewa katika karatasi zake. Mwaka wa 2018 serikali ilianza kuvipeleka vitabu moja kwa moja shuleni, kwa nia kwamba kila mwanafunzi awe na chake katika kila somo kuu. Nikauliza mbona vipo hapa. Nikajibiwa kwamba wanafunzi wangevichafua. Katika darasa nililotoka kulitazama, watoto watatu walikuwa wakisoma kitabu kimoja kilichopoteza jalada. Pazia lile halikuwa la stara. Lilikuwa la hila. Mama yangu alisitiri rafu tupu ili watoto wake wasiaibike. Shule ile ilisitiri rafu iliyojaa ili watoto wa watu wasisome. Kitambaa ni kile kile, na tofauti yake haionekani kwa nje. Inaonekana tu pale unapouliza: ni nani anayelindwa, na ni nani anayenyimwa?

Swali hilo hilo tuliulize katika lugha. Walimu wa Kiswahili tunawafundisha wanafunzi wetu tafsida, nayo tafsida si kitu ila pazia la maneno. Hatusemi kwamba bibi amekufa, twasema ameaga dunia. Hatusemi kwamba mama amezaa, twasema amejifungua. Hii ni stara, na ni hazina ya lugha yetu. Lakini barua iliyomwambia baba kwamba amepumzishwa haikumsitiri baba. Iliwasitiri waliomfukuza. Mwanafunzi anayejua kutaja mifano kumi ya tafsida katika mtihani na asijue kuuliza ni nani aliyefunikwa na neno hilo, amejifunza pazia bila kujifunza rafu.

Na zipo insha ambazo sisi walimu tunazijua sana. Aya ya kwanza ina methali nne, ya pili ina tashbihi saba, jua linachomoza kwa mbwembwe na ndege wanaimba bila kikomo. Ukilivuta pazia hilo la mapambo, nyuma hukuti hata robo ya unga. Kosa si la mwanafunzi peke yake. Sisi ndio tuliotoa alama kwa kitambaa.

Ndugu walimu, miongoni mwa watoto mnaowafundisha wapo wanaofanyia kazi ya ziada juu ya kitanda, baina ya pazia na pazia, mtoto mchanga akilia upande wa pili na redio ya jirani ikinguruma ukutani. Daftari lake likija na alama ya masizi au harufu ya mafuta ya taa, msilipokee kama daftari la mtoto mzembe. Mkialikwa nyumbani, nendeni. Msilifunue pazia, lakini tazameni kama mwenyeji ameinuka kwenda nyuma yake.

Nanyi wanafunzi, hasa ninyi mnaojiandaa kwenda mazoezini mkiwa na matofali yenu na mbao zenu tatu, msimwombe mtu radhi kwa ajili ya pazia. Lifueni, likazeni, liwekeni mbali na moto. Ila pawepo mtu mmoja mnayemwamini, awe mwalimu, awe rafiki, awe jirani, ambaye mtamruhusu aone upande wa pili. Mama alikuwa na fahari yake nami naiheshimu, lakini nakumbuka pia usingizi wa watoto wanne waliolala na njaa nyuma ya kitambaa kilichopigwa pasi.

Kijana wangu wa chati za mifuko ya saruji, ukiyasoma haya, kabati si lazima. Juma lijalo nitakuwa njia hiyo hiyo. Nitabisha hodi, nami nitakuja na sukari yangu.